Doa kwenye ini la Mama Mdogo

Mama Mdogo aliingia kwenye chumba ninachopimia wagonjwa kwa altrasaundi hapa Kigoma, na harufu ya dagaa kwenye kanga. Alikuwa ametoka moja kwa moja Kibirizi, ambako anauza dagaa tangu mimi sijaanza shule, na mzigo wake alikuwa amemwachia mtoto wa jirani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipime upesi, yule mtoto hajui bei."

Huyu ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea Ujiji nilipokuwa sekondari. Kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa akila mboga iliyoungwa kwa mawese mengi. Nilihisi ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kweli yalikuwemo mawili. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilipopandisha mkono kidogo kulitazama ini, nikakuta duara jeusi lenye kingo safi, upana wa sentimita 3.4, limetulia katikati ya nyama ya ini upande wa kulia.

Nikanyamaza. Aliyewahi kulala kwenye kitanda cha altrasaundi anaujua ukimya ule. Mkono uliokuwa ukitembea unasimama, unabonyeza palepale, unainamisha probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, huku na huku, na mpimaji anasogeza uso karibu na skrini.

"Umeona nini?"

"Kuna kauvimbe kwenye ini, Mama."

"Kansa?"

"Inabidi kuchunguza zaidi."

Nilidhani nimejibu kwa hekima. Kwake yeye nilikuwa nimesema ndiyo. Na kwenye karatasi niliandika hivi: uvimbe kwenye ini, unashukiwa kuwa saratani. Maneno sita, nikagonga muhuri, nikaita mgonjwa anayefuata.

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Mama Mdogo akaacha kwenda Kibirizi. Akawapigia simu wanawe walioko mbali, akaanza kugawa vitenge vyake, hiki cha fulani, kile cha fulani. Dua ikasomwa nyumbani. Chakula kikamshinda, siku nyingine alimaliza kwa chai tu. Akaanza kukonda, na kukonda kule kukawa ushahidi. Kila aliyekuja kumjulia hali alitoka akisema, "Mnaona? Ugonjwa unamla." Hakuna aliyejiuliza kama kilichokuwa kinamla ni yale maneno yangu sita. Hata mimi sikujiuliza.

Tulipata rufaa ya kwenda hospitali moja kubwa, mbali na Kigoma, ambako kulikuwa na daktari bingwa wa mionzi aliyejifunza altrasaundi ya dawa ya vipovu nje ya nchi. Nikaomba ruhusa kazini nimsindikize. Tulipanda basi saa kumi na moja alfajiri, yeye ameegemea dirisha, amejifunika kanga hadi kichwani, na njia nzima hakula kitu.

Yule daktari hakuanza na mashine, alianza na maswali. Umewahi kupimwa homa ya ini aina ya B? Kuna aliyekufa kwa ini katika familia? Unakunywa pombe? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa titi, utumbo au kizazi? Ulikuwa na kilo ngapi kabla hujaanza kuogopa? Swali hilo la mwisho lilinichoma. Alitazama majibu ya damu: homa ya ini B hakuna, C hakuna. Ndipo akaweka jeli na probu.

"Njoo huku," akaniambia alipojua kazi yangu. "Tazama figo, kisha tazama ini. Lipi linang'aa zaidi?"

Ini lilikuwa linang'aa sana. Ini lililojaa mafuta huwa jeupe kwenye altrasaundi, na mimi niliyekuwa nimelitazama lile duara kwa jicho la hofu, sikulitazama ini lenyewe. Akanieleza kwamba kuna uvimbe wa mishipa ya damu, hemanjioma, ambao ndio uvimbe usio saratani unaopatikana kwa wingi kuliko wote kwenye ini, na huwapata zaidi wanawake. Kwa kawaida unaonekana mweupe. Lakini ukikaa ndani ya ini lenye mafuta, unaonekana mweusi. Ni kama kanga ya rangi ya maziwa ukiitandika juu ya shuka jeupe pe: utasema imechafuka.

"Lakini hiyo bado ni dhana," akasema. "Rangi haitoshi. Tuiulize damu."

Nieleze kipimo chenyewe, kwa sababu nilikitazama kwa macho yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Kichupa cha dawa kina unga mweupe chini yake na gesi juu. Muuguzi aliingiza maji ya chumvi mililita 5, akakitikisa kwa nguvu, na ukapatikana uji mwepesi mweupe kama maziwa. Ndani ya maziwa hayo mna mamilioni ya vipovu vya gesi vilivyofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta. Kipovu kimoja ni kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, kwa hiyo kinapita popote damu inapopita, lakini hakivuji kutoka ndani ya mshipa. Tofauti na CT-scan ya dawa, ile mashine inayopiga picha kwa mionzi, iko hapo: dawa ya CT huvuja kutoka kwenye mishipa na kuingia katika nyama, kisha hutolewa na figo. Vipovu hubaki njiani na damu, vikapasuka kidogokidogo, na gesi yake ikatoka kwa pumzi. Figo haziguswi na mionzi hakuna. Mtu mwenye figo mbovu anaweza kupimwa.

Kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilikuwa ya pinki, mkono wa kushoto. Niliuliza kwa nini si ya bluu ambayo ni nyembamba na haiumi sana. Akajibu kwamba njia ikiwa nyembamba mno vipovu hupasuka kabla havijafika. Kwa sababu hiyohiyo alipunguza nguvu ya mawimbi ya sauti ya mashine hadi chini kabisa, maana mawimbi makali huvivunja vipovu. Pembeni palikuwa na trei ya dharura yenye adrenalini, kwani mzio mkali hutokea, ingawa ni nadra sana.

Skrini ikagawanyika pande mbili. Kushoto altrasaundi ya kawaida, kulia giza. Dawa ikaingia mililita 2.4, nyuma yake maji ya chumvi mililita 10 kuisukuma, na saa ya skrini ikaanza kuhesabu.

Sekunde 5. Sekunde 10. Mama Mdogo alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Kwenye sekunde ya 15 hivi, ateri ya ini, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ikawaka gizani kama mzizi wa moto. Kisha ule uvimbe. Katikati yake ulibaki mweusi, lakini pembeni, kuuzunguka, yakaanza kuwaka madoa ya mwanga, moja hapa, jingine pale, kama karabai za wavuvi wa dagaa unapotazama ziwani usiku usio na mwezi. Kila mwana Kigoma anaijua picha ile. Nilishindwa kujizuia, nikasema kwa sauti, "Mitumbwi!" Daktari akanitazama bila kuelewa. Lakini Mama Mdogo alielewa, akafumbua macho.

Kilichofuata kilitaka subira. Ini hupata damu kwa njia mbili: robo hivi huletwa na ateri, na robo tatu huletwa na mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo. Kwa hiyo vipovu huja kwa mawimbi. Kuanzia sekunde ya 10 au 20 ni zamu ya ateri. Kuanzia sekunde ya 30 au 45 ule mshipa wa utumbo unajaza ini zima, hadi kama dakika 2. Baada ya hapo ni kipindi cha mwisho, ambacho huendelea hadi vipovu vinapokwisha, dakika 4 hadi 6. Uvimbe mwingi wa saratani hupoteza ile damu ya mshipa wa utumbo na kutegemea ateri peke yake. Ndiyo maana huwahi kung'aa, kisha hufifia wakati ini linalouzunguka bado linang'aa. Madaktari husema umesafishika. Saratani iliyosafiri kutoka kwingine, kama utumbo au titi, kwa kawaida hung'aa kama pete na kufifia mapema, kabla ya sekunde 60, tena hufifia mpaka unaona shimo jeusi. Saratani iliyozaliwa ndani ya ini lenyewe hufifia taratibu, baada ya dakika moja, na mara nyingi si sana. Jipu huwaka pembeni tu, na ndani hakiingii kitu hata usubiri vipi. Maji matupu hayawaki kabisa.

Hemanjioma hufanya kinyume. Ni mkusanyiko wa mifuko ya damu iendayo polepole. Ikishaingia haina haraka ya kutoka.

Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri kitu kisitokee. Dakika ya kwanza ikapita, zile karabai zikasogea ndani na kuungana. Daktari akainua probu, akapumzisha, akarudisha kwa sekunde chache, akainua tena, ili mawimbi yasimalize vipovu. Dakika ya pili. Ya tatu. Giza la katikati likabaki kama punje ya harage. Kwenye dakika ya nne halikuwepo. Duara lote lilikuwa linang'aa sawa na ini, na hakukuwa na dalili ya kufifia.

"Hemanjioma," daktari akasema, akamgeukia mgonjwa na si mimi. "Mama, hiki ni kifundo cha mishipa ya damu. Si saratani, na hakigeuki kuwa saratani. Yaelekea umekaa nacho miaka mingi."

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa hili, hufi. Hayo mawe ya nyongo ndiyo yanayokuuma, tutayashughulikia."

Alikalishwa nusu saa nje waone kama dawa itamletea shida. Tulipofika stendi akaagiza chipsi mayai, akala zote, akaagiza soda. Kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo sijapata jibu lake zuri: "Mwanangu, kama ulikuwa hujui, kwa nini uliandika kama unajua?"

Ningependa kusema kwamba nilirudi Kigoma nimejifunza. Nilirudi nimefurahi, na furaha ile ikanidanganya.

Miezi michache baadaye akaja kijana kutoka Kasulu, dereva, miaka 34, mwenye mwili wake, aliyekuja kwa sababu ya maumivu ya tumbo ya kawaida. Kwenye ini lake nilikuta doa jeupe, duara, kingo safi, sentimita 2. Ini lenyewe laini, halina makovu. Nikaona hemanjioma ile ya vitabuni. Nikamkumbuka Mama Mdogo na wiki zake za kukonda, nikajiambia huyu sitamfanyia hivyo. Nikamwambia kwa tabasamu, "Ni kifundo cha damu tu, kaka. Nenda nyumbani, usiwe na wasiwasi." Nikaandika hivyohivyo.

Sikumuuliza kuhusu homa ya ini B. Sikumuuliza kuhusu familia yake. Yule daktari alianza na maswali kabla hajagusa mashine, na mimi nikabeba jibu lake nikaacha maswali yake.

Alirudi baada ya miezi minane, macho ya njano, tumbo limejaa. Lile doa lilikuwa na sentimita 7, na pembeni yake vitoto. Tulipompima damu alikuwa na homa ya ini B, ambayo kwa watu wengi wa rika lake iliingia utotoni bila mtu kujua. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, na yeye alikuwa ameshazaliwa kitambo. Virusi hivi vinaweza kuleta saratani hata kwenye ini ambalo bado halijasinyaa wala kuwa na kovu, na saratani changa inaweza kuonekana nyeupe na nzuri kama hemanjioma. Na mtu anayekula mahindi au karanga zenye sumukuvu juu ya virusi hivyo, hatari yake inazidi sana.

Alipelekwa kulekule. Majibu yake niliyasoma nimesimama, maana niliogopa kukaa. Uvimbe uliwaka wote kwa nguvu wakati wa ateri, ukaanza kufifia kwenye sekunde ya 100. Mshipa mkubwa wa utumbo ulikuwa umezibwa na kitu kilichowaka vilevile, yaani saratani yenyewe imeshaingia mshipani. Kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa sindano kilithibitisha. Upasuaji haukuwezekana tena. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nilikwenda Kasulu msibani, nikakaa na wanaume kwenye mkeka. Mama yake alipokuja kunishukuru kwa kumhudumia mwanawe, sikuwa na neno.

Duara jeusi lililonitisha lilikuwa salama, na doa jeupe lililonifurahisha likaua. Nimelisema hili mbele ya wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi, na nitaendelea kulisema. Picha moja ya altrasaundi ya kawaida ni sura ya mtu unayemwona akipita dirishani. Sura haitoshi kukujulisha tabia yake. Vipovu vinamweka mtu huyo mbele yako dakika tano, unaona anavyopokea na anavyotoa.

Baada ya msiba ule nilisoma kila nilichoweza kupata. Nilishangaa kwamba jambo lenyewe si jipya: mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah wa Marekani walieleza jinsi vipovu vilivyoingia na dawa kwenye moyo vilivyoakisi mawimbi ya altrasaundi. Mwongozo wa kwanza wa Ulaya wa kupima ini kwa njia hii ulitoka 2004, na Marekani yenyewe iliruhusu dawa ya vipovu kwa ini mwaka 2016. Nilisoma pia mipaka yake. Uvimbe uliojificha juu kabisa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, gesi ya tumbo, au ini lenye mafuta mengi mno, vyote vinaweza kukuziba. Kwa sindano moja unafuatilia kwa uhakika doa moja tu tangu linapowaka, mengine unayakuta njiani. Saratani nyingine ya ini huchelewa kufifia hadi dakika ya nne au ya tano, kwa hiyo mpimaji mwenye haraka anayefunga mashine kwenye dakika ya pili anaweza kuiita njema. Na kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo mara nyingi hupanda mtu akiwa na saratani ya ini, kikiwa sawa, hakimwondoi mtu kwenye shaka.

Chumbani kwangu dawa ya vipovu haipo. Nina probu, jeli, na mdomo wa kuuliza. Sasa nauliza kabla sijamlaza mgonjwa, maswali yaleyale, na nimeongeza ya kwetu: unaoga au unavua ziwani, umewahi kutibiwa kichocho cha tumbo? Maana kichocho nacho huacha makovu kandokando ya mishipa ya ini, na asiyejua anaweza kuyadhania kuwa kitu kingine. Nikiwa na shaka namwomba daktari wa zamu aagize kipimo cha homa ya ini siku hiyohiyo. Na ninapoandika, naandika ninachokiona: liko upande gani, lina ukubwa gani, rangi yake ikoje ukilinganisha na ini, ini lenyewe likoje, mgonjwa ana hatari gani. Mwisho naandika kwamba altrasaundi hii haiwezi kusema ni nini, na kwamba anahitaji kipimo cha dawa, cha vipovu au CT. Mgonjwa namwambia maneno hayohayo kwa Kiswahili, uso kwa uso, nikiwa nimeshamfuta jeli na amekaa. "Nimeona kitu. Kwa mashine hii siwezi kujua ni kitu gani. Vingi huwa havina madhara, vichache vina madhara, na kuna kipimo kinachovitofautisha." Wengine hukasirika. Mzee mmoja aliniuliza nimesomea nini basi. Nilimjibu kwa heshima kwamba nimesomea kuona, na hili moja bado halijaonekana.

Mama Mdogo yuko Kibirizi. Kilo zake zimerudi, mawe ya nyongo yalitolewa, na kila asikiapo jirani amepimwa ini, humwambia aje kwangu akiwa na orodha ya maswali.

Wiki iliyopita alikuja mdogo wake yule dereva. Baada ya msiba tuliwaita ndugu wote wapimwe, na yeye akakutwa na virusi. Anatumia dawa, na kila miezi sita anapanda basi kutoka Kasulu kuja kutazamwa ini. Alilala, nikaweka jeli, nikaenda taratibu, upande wa kushoto, upande wa kulia, nikamwambia avute pumzi ndefu aishike, nikachungulia hadi juu chini ya mbavu. Nilijua nimenyamaza muda mrefu, nikamwambia, "Nanyamaza kwa sababu naangalia kila sehemu. Sijaona kitu."

Aliachia pumzi. Nilimfuta jeli, akakaa, nikamwandikia tarehe ya kurudi. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.